Mji ukishachorwa huwa wa nani?

Juzi baada ya sala ya Isha mpwa wangu alinijia barazani na simu yake mkononi, akaniambia, "Mjomba, hebu tazama hapa." Katika kioo cha simu palikuwa na picha mbili zimewekwa sambamba. Ya kwanza ilikuwa ni katuni: ngazi za mawe zateremka baina ya kuta mbili, chuma chekundu cha kushikilia kimesimama katikati, na chini yake nyumba za Tokyo zimesongamana. Ya pili ilipigwa kwa kamera, nayo ilikuwa na ngazi zizo hizo, chuma kicho hicho, nyumba zizo hizo, hata nyaya za stima zimepita palepale zilipopita katika katuni. Nikamwuliza ni ipi iliyoiga na ipi iliyoigwa. Akacheka. "Mjomba, ngazi zilikuwako kabla."

Ngazi hizo ziko karibu na hekalu la Suga, mtaa wa Yotsuya, katika jiji la Tokyo. Makoto Shinkai alizichora katika filamu yake ya Kimi no Na wa, iliyotoka Agosti 2016 na kuchuma zaidi ya yen bilioni 25 ndani ya Japani peke yake. Tangu hapo ngazi ambazo wenyeji walizipanda kwa kuhema, na mifuko ya sokoni mikononi, zimekuwa na watu wanaongoja zamu yao wapigwe picha, wengine wametoka nchi za mbali.

Msomaji asidhani kwamba leo nimekosa la kuandika nikaokota mchezo wa watoto. Katuni hizi, ambazo Wajapani waziita anime, si za watoto peke yao, na nyingi hutokana na vitabu vya hadithi za picha viitwavyo manga. (Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipolisikia neno hilo aliuliza tangu lini Wamanga wakawa Wajapani. Ikabidi aelezwe kwamba manga hii haina nasaba na Manga ya Arabuni.) Sisi watu wa pwani Japani twaijua kwa magari. Gari hushushwa Kilindini, mwenyewe akilitia ufunguo likamsemesha Kijapani, naye akaliitikia "haya bwana" akaenda zake. Mabibi zetu waliijua kwa kanga, kwani zilikuwako kanga zilizopigwa chapa huko zikaletwa kuuzwa huku. Lakini nchi yenyewe ilivyo, vichochoro vyake, duka la pembeni, kituo cha basi chenye benchi moja, hayo hatukuwa tukiyajua. Vijana wetu wayajua leo, nao wameyajulia katika katuni. Ndiyo maana naona yafaa tuulize: ni nini hasa wanachoonyeshwa?

Watu wanaofunga safari kwenda kuviona kwa macho vitu walivyoviona katika anime wamejipatia jina huko Japani. Safari yao yaitwa seichi junrei. Seichi ni ardhi takatifu, na junrei ni kuzunguka ukizuru mahali patakatifu, kama wafanyavyo Mabudha wa kisiwa cha Shikoku wanaozuru mahekalu 88 moja baada ya jingine. Mwaka 2016 maneno hayo mawili yalitiwa miongoni mwa maneno kumi yaliyovuma zaidi nchini humo. Mwaka uo huo kukaanzishwa chama cha utalii wa anime, na kilipotoa orodha yake ya mahali pa kuzuru, idadi kiliyoichagua ni 88. Hilo si jambo la bahati.

Mwandishi mvivu angetafsiri hapa "hija". Mimi sithubutu. Hija twaijua ni nini, ina nguzo zake na siku zake, wala haifanani na kijana aliyepanda treni kwenda kupiga picha ngazi. Neno lililo karibu ni ziara, ijapokuwa hilo nalo hapa kwetu lina mabishano yake ambayo sitayaingilia. Mwenye kuzuru hutaka kusimama mahali aliposimama mwengine. Tofauti ni kwamba hawa huenda kusimama aliposimama mtu ambaye hakuwako kamwe, na mahali penyewe papo. Mtu ni wa kubuni, ardhi ni ya kweli. Jambo hilo ndilo lililonifanya nilitafakari suala hili zaidi kuliko nilivyokusudia.

Desturi ya kuchora mahali pa kweli si ya jana. Mwaka 1973 Isao Takahata na Hayao Miyazaki pamoja na wenzao walisafiri hadi Uswisi kuitazama milima kabla ya kuchora katuni ya Heidi, iliyoonyeshwa katika televisheni mwaka 1974. Wakati ule kugharimia safari ya namna hiyo kwa ajili ya katuni lilikuwa jambo geni. Waliichora nchi ya watu. Baadaye kalamu ikarudi nyumbani: mwaka 1991 Takahata aliwachora wakulima wa Yamagata, na mwaka 1995 Yoshifumi Kondo alivichora vilima vya Tama, pembeni mwa Tokyo, pamoja na steshini, ngazi na barabara zake za kupinda. Kisha zikaja kamera za dijitali, na mambo yakawa mepesi. Mchoraji hutembea mjini siku mbili tatu akapiga mamia ya picha, akarudi ofisini, na kila picha ikawa ni mandhari ya tukio fulani. Hana haja ya kubuni duka wala taa ya barabarani. Wahusika huchorwa kwa mistari michache, macho makubwa, pua nukta tu, lakini nyuma yao kila tofali liko mahali pake. Kinachogeuzwa ni majina ya kampuni, kwa kuogopa mashtaka. Mkahawa wa McDonald's katika anime nyingi umekuwa WcDonald's, ile herufi ya kwanza imepinduliwa miguu juu. Mzaha huo ulienea hata mwaka 2024 kampuni yenyewe ikalitumia jina hilo la kupinduliwa kufanyia matangazo.

Na hadithi zinazochorwa katika mitaa hiyo, nyingi zake hazina vita wala majini. Ni mambo ya kila siku: mvua imenyesha baada ya shule, treni imechelewa, mtihani uko wiki ijayo, watu wanakunywa chai. Mtu aliyezoea sinema za mapigano atauliza hadithi iko wapi. Hadithi ndiyo hiyo.

Chukua mji wa Washinomiya, katika mkoa wa Saitama, kaskazini ya Tokyo. Ulikuwa mji mdogo usio na sifa kubwa isipokuwa hekalu lake la kale la dini ya Shinto. Mwaka 2007 kampuni ya Kyoto Animation ilitoa katuni ya televisheni iitwayo Lucky Star, juu ya wasichana wa sekondari ambao takriban hawafanyi kitu. Katika sehemu ya kwanza hushinda wakijadiliana mkate wenye chokoleti huanzwa kuliwa upande gani. Wawili kati yao ni mapacha, na wazee wao ndio watunzaji wa hekalu. Basi katika wimbo wa kufungulia huonekana, kwa nukta chache tu, lango la hekalu la Washinomiya na duka la chai lililo ubavuni mwake.

Nukta hizo chache zilitosha. Wajapani wana desturi ya kwenda hekaluni siku za Mwaka Mpya. Januari 2007, kabla ya katuni, waliofika Washinomiya walikuwa kiasi cha 130,000. Januari 2008 walikuwa 300,000. Mwaka 2009 wakawa 420,000. Wageni wa mwanzo walipofika, vijana wa kiume wenye kamera kubwa wanaozunguka hekaluni bila ya kusema na mtu, wenyeji walitiwa wasiwasi, na nani asingetiwa? Lakini maofisa wa chama cha wafanyabiashara cha mji walifanya jambo la busara sana. Waliwaendea vijana wale wakawauliza: mwatafuta nini hapa? Wakajibiwa kwamba hakuna hata kitu kimoja cha kununua kikawa kumbukumbu. Basi Desemba 2007 wakatengeneza vikuku vya kutundika kwenye simu, vyenye sura za wahusika wa katuni, na badala ya kuviuza katika duka moja wakavigawa madukani, huku sura hii na kule ile. Aliyezitaka zote hana budi azunguke mji mzima. Akinunua kikuku atanunua na chai, atamjua muuzaji, na muuzaji atamjua yeye.

Septemba 2008, siku ya sherehe ya mji, wageni na wenyeji walibeba pamoja machela ya sherehe yaliyopambwa kwa sura za Lucky Star, yamefuatana na yale machela ya kale. Na pale hekaluni, kwenye vibao vidogo vya mbao ambavyo watu huandikia maombi yao na kuvitundika, vijana wakaanza kuchora wahusika wao, kisha chini ya mchoro wakaandika ombi la kweli: nipasi mtihani, mama apone. Wenye hekalu hawakuvitoa. Sisi hapa tungeona ajabu, na tungekuwa na haki ya kuona ajabu, maana kwetu nyumba ya ibada haichanganywi na tamasha. Dini ya Shinto haina mpaka wa namna hiyo. Sherehe, soko na ibada hukaa uani pamoja. Bila ya kulielewa hilo mtu ataihukumu Washinomiya kwa mizani isiyokuwa yake.

Je, mji uliokoka? Wengi walioandika juu ya Washinomiya husimulia habari hii kama ngano ya bahati njema, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Machi 2010, wakati ambapo wageni walikuwa wakifurika kuliko wakati wowote, mji wa Washinomiya uliunganishwa na miji jirani ukawa ni sehemu ya mji wa Kuki. Serikali ya Japani ilikuwa ikiunganisha miji midogo kila pembe ya nchi, kwa kuwa watu wanapungua, vijana wanahamia Tokyo, na kodi haitoshi kuendesha halmashauri zote zile. Jina la Washinomiya likafutwa katika orodha ya miji. Likabaki hekaluni na kwenye steshini ya treni.

Hapa ndipo penye uchungu wa suala hili. Katuni za maisha ya kila siku zilistawi katika miaka ileile ambayo maisha hayo ya kila siku yalikuwa yakipungua. Japani imejaa mitaa ya maduka ambayo milango ya chuma imeteremshwa haipandishwi tena, na shule zilizofungwa kwa kukosa watoto. Katika anime maduka hayo yako wazi, muuza tofu yuko mlangoni, na shule imejaa wasichana wanaocheka. Wazee ni wachache, tena ni wa kuchekesha. Matofali yamenakiliwa kwa uaminifu wote, lakini watu wameongezwa. Mtu akitazama katuni hizi mfululizo atadhani Japani ni nchi ya vijana, kumbe ni kinyume chake.

Oarai ni mfano mgumu zaidi. Ni mji wa wavuvi katika mkoa wa Ibaraki. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa liliitikisa Japani ya mashariki, na mawimbi ya tsunami yakaingia Oarai mpaka bandarini na mitaani. Baada ya maji ikaja hofu. Mtambo wa nyuklia wa Fukushima uliharibika kaskazini yake, watu wakaogopa samaki wa upande ule, wakaogopa hata kuogelea. Mji unaoishi kwa samaki na kwa wageni wa pwani ukakosa vyote viwili. Kisha Oktoba 2012 ikaanza katuni ya Girls und Panzer, ambayo ndani yake wasichana wa shule hushindana kwa vifaru vya kijeshi kama wengine wanavyoshindana kwa mpira. Ni upuuzi mtupu, na nakiri kwamba sikuweza kuimaliza. Lakini mji uliochorwa ni Oarai, duka kwa duka. Katika pambano moja kifaru chajitia ndani ya nyumba ya wageni ambayo iko kweli mjini humo, ukuta waporomoka, na mwenye nyumba, katika katuni, apiga kelele za furaha kwamba sasa atajenga mpya.

Hebu fikiri, msomaji. Mji uliopigwa na bahari mwaka mmoja na nusu nyuma wautazama mfano wake ukibomolewa kwa mchezo, nao wacheka. Wenye maduka waliwekewa milangoni masanamu ya kadibodi, kila duka na msichana wake, wakayatunza kama binti wa nyumbani. Novemba 2013, katika sherehe ya samaki wa kina kirefu aitwaye anko, walihudhuria watu wapatao laki moja. Na katika katuni nzima tsunami haikutajwa hata mara moja.

Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza niliona kwamba mchoraji amefanya kosa. Vipi uuchore mji duka kwa duka uliache lile lililokuwa kichwani mwa kila mwenye duka? Sasa sina hakika. Mfiwa hapendi kila mgeni aingiaye aanze kwa kumtajia maiti. Huenda watu wa Oarai walikuwa wamechoka kuwa mji wa maafa, wakapata mtu wa kuwatazama kwa sababu nyengine. Shinkai yeye alikwenda njia tofauti. Katika filamu ile ya ngazi aliligeuza janga likawa nyota iliyoanguka juu ya mji wa kubuni. Lakini katika Suzume, ya Novemba 2022, aliitaja tarehe ya 11 Machi waziwazi, na watazamaji walionywa mapema kwamba ndani ya filamu mna mitikisiko na milio ya tahadhari ya tetemeko. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Pengine kila jambo lina wakati wake wa kuchorwa.

Toyosato, katika mkoa wa Shiga, kuna shule ya msingi iliyojengwa mwaka 1937 kwa mkono wa tajiri mmoja aliyesoma hapo, na ramani yake ikatolewa na ofisi ya Mmarekani William Merrell Vories. Kwenye mbao za kushikilia za ngazi zake kuna masanamu madogo ya shaba ya sungura na kobe, sungura aliyelala njiani na kobe anayepanda taratibu mpaka juu. Ndiyo, hadithi ileile ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameisikia. Mapema katika miaka ya 2000 meya wa mji alitaka kuibomoa shule hiyo ajenge mpya. Wakaazi wakakataa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2003 wakampigia kura ya kumwondoa. Jengo likabaki, lakini watoto walikuwa wameshahamishiwa shule mpya, na yeyote aliweza kuuliza jengo bila ya watoto la nini. Mwaka 2009 ikaja katuni ya K-On!, juu ya wasichana wanaopiga muziki baada ya masomo na zaidi wanakula keki. Shule yao ndiyo hiyo, pamoja na sungura na kobe wake. Watu wakaanza kumiminika. Nataka lieleweke vizuri hili: aliyeiokoa shule si katuni. Walioiokoa ni wakaazi, walioipigania wakati ambapo hapakuwa na mtalii hata mmoja. Mchoraji alikuta jengo limesimama kwa sababu ya watu hao, ambao katika katuni hawamo.

Kampuni iliyochora K-On! na Lucky Star ni moja, hiyo Kyoto Animation. Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliingia katika jengo lake mjini Kyoto akamwaga petroli akawasha moto, na watu 36 wakafa. Baadhi yao walikuwa wamezifanyia kazi katuni ninazozizungumza hapa.

Si kila mahali wageni huleta neema. Huko Kamakura, kando ya bahari, reli ndogo ya Enoden hukata barabara karibu na steshini ya Kamakura-Kokomae. Treni ya kijani yapita, nyuma yake bahari, basi. Mahali hapo palionekana katika wimbo wa kufungulia wa Slam Dunk, katuni ya mpira wa kikapu iliyoonyeshwa kuanzia 1993 mpaka 1996. Waliokuwa watoto wakati ule huko Taiwan, Korea na Uchina sasa ni watu wazima wenye mishahara, nao huja. Na filamu mpya ya Slam Dunk ilipotoka Desemba 2022 wakazidi. Husimama katikati ya barabara, gari zikapiga honi, wakaingia viwanja vya watu kutafuta pembe nzuri ya picha, mpaka baraza la mji likaweka walinzi wa kuwaelekeza. Wakaazi wa hapo hawakuombwa ruhusa na mtu. Washinomiya palikuwa na maduka ya kumpokea mgeni. Kwenye kivuko cha reli hapana cha kununua. Mgeni hupata picha, mwenyeji hupata kelele na takataka. Hivyo swali la nani mwenye haki ya sura ya mtaa si la kitabuni. Mchoraji hakuvunja sheria, kwani barabara ni ya umma na treni ni ya kampuni. Lakini bibi mzee aliyekuwa akipita hapo taratibu na mkokoteni wake, njia yake imechukuliwa.

Nimebakisha filamu ambayo kwangu mimi ni bora kuliko zote nilizozitaja: Kono Sekai no Katasumi ni, ya mwongozaji Sunao Katabuchi, kutoka katika manga ya Fumiyo Kono. Ilianza Novemba 2016 katika majumba ya sinema 63 tu, na ilikuwa imeshindwa kupata fedha mpaka watu wa kawaida zaidi ya 3,000 walipochanga mwaka 2015. Ni hadithi ya msichana aitwaye Suzu, mzaliwa wa Hiroshima, ambaye jamaa zake ni wakulima wa mwani. Watu wa Kwale na Unguja wataijua mara moja ile kazi ya kuingia majini, kuvuna na kuanika. Suzu anaolewa mji wa Kure, penye bandari ya manowari, na vita vinamkuta huko. Sehemu kubwa ya filamu ni upishi. Chakula kimepungua, mke wa nyumba aokota majani kando ya njia, ayakatakata, ayachemsha, auongeza mchele maji uvimbe. Juu yake ndege zapita.

Mwanzo wa filamu, Suzu akiwa mtoto atumwa kupeleka mwani mtaa wa Nakajima, katikati ya Hiroshima. Mtaa huo ulikuwa na maduka, majumba ya sinema, vinyozi na wauza nguo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lililipuka karibu juu yake, na leo mahali pake ni bustani ya kumbukumbu ya amani. Kuna jengo moja lililosalia, lililokuwa duka la kimono, nalo sasa ni nyumba ya mapumziko ya wageni wa bustani. Basi Katabuchi atapiga picha gani? Hapana cha kupiga. Kwa miaka kadhaa alikusanya picha kuukuu na ramani, akawaendea wazee waliozaliwa mtaani humo akawauliza: dirisha lilikuwa upande gani? Taa ya mlangoni ilikuwa ya namna gani? Walikumbuka, wakamsahihisha, wakabishana wao kwa wao, naye akafuta akachora tena. Baadhi ya wanaopita katika mtaa ule wa katuni wamechorwa kwa mfano wa watu waliokuwako kweli. Miongoni mwa wazee hao alikuwamo aliyewapoteza wazazi na ndugu zake wote siku ile. Katika filamu wako mlangoni kwao, kwa nukta chache, wamesimama tu kama watu wanaosimama mlangoni.

Hapo sanaa hii ilifanya kitu ambacho kamera haiwezi. Ngazi za Yotsuya zilikuwako kabla, kama alivyosema mpwa wangu. Mtaa wa Nakajima haukuwako, ila vichwani mwa wazee wa miaka themanini, na ungekwenda nao. Ukienda leo bustanini na filamu hiyo akilini hutaona kinachofanana, nyasi na miti tu, na hiyo ndiyo ziara yenyewe.

Liko na jambo jengine ambalo halisemwi sana. Vilima vya Sayama, karibu na Tokorozawa, ndivyo vilivyompa Miyazaki mandhari ya Tonari no Totoro, filamu yake ya 1988. Vilikuwa vikiliwa na nyumba mpya. Mwaka 1990 wakaazi walianzisha mfuko wa michango, Miyazaki akawaruhusu kulitumia jina na sura ya Totoro, na mwaka 1991 wakanunua kipande cha kwanza cha msitu ili kisijengwe kamwe. Vipande vingine vimefuata, kimoja baada ya kimoja, vidogovidogo. Ukimweleza mtu wa pwani jambo hili hahitaji ufafanuzi mrefu. Atakuambia hiyo ni wakfu, tofauti ni kwamba aliyewekewa wakfu ni miti.

Ama Washinomiya, lile lango la mbao lililoonekana katika Lucky Star lilianguka Agosti 2018. Lilikuwa limechakaa, na kwa bahati hakuumia mtu. Kwa miaka mitatu na ushei wageni waliofika walipiga picha mahali pasipokuwa na lango. Jipya lilisimamishwa Desemba 2021, na watu wamerudi kusimama mbele yake na simu zao, wakiipanga picha ilingane na katuni.